Kijana aliyetoka makao ya watoto yatima anatuibia ndani: jibu langu kwa dada wa Bagamoyo

Dada pole kwanza. Nimesoma uzi wako wote na majibu ya watu, nusu wanakwambia mtimue leo leo, nusu wanakwambia vumilia ni yatima utapata thawabu, na sidhani kama kuna hata mmoja hapo aliyewahi kukaa na kijana wa makao chini ya paa moja. Mi nimekaa nao. Nyumba yetu ipo Makorora hapa Tanga, nyumba ya Kiswahili ya kawaida tu, korido katikati vyumba huku na huku, uani jiko na choo, na kile chumba cha uani tunawapa vijana wanaotoka makao wakishatimiza miaka 18, mlezi wa makao anakuja tunaongea, kodi wanalipa kidogo kidogo wakipata kibarua, chakula tunakula wote. Wamepita kadhaa. Wawili waliiba, na wizi wa mmoja haukufanana na wa mwenzie hata kidogo.

Kwa ambao hawajasoma uzi: dada ana kijana wa miaka 19, yuko kwake tangu mwaka jana, vilianza kupotea vitu vidogo vidogo, sukari, vocha, buku buku za mezani, sasa juzi elfu sitini ya kikoba, kile kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana, imetoka kwenye droo ya kabati. Mume anataka kijana aondoke leo. Mama mkwe anataka isomwe Halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi. Kijana mwenyewe hajaulizwa kitu mpaka sasa ila ameshaanza kurudi usiku wa manane.

Halbadiri acheni. Najua huku pwani ndo silaha yetu, ukitangaza tu kwamba Ijumaa inasomwa kitu kinaweza kurudi kibarazani kabla ya alfajiri, lakini huyo ni mtoto ambaye tangu akiwa mdogo ameambiwa ana mkosi ndo maana hana kwao, ukimuongezea na laana ya mtaa mzima atakimbia tu na elfu sitini yako inakimbia naye. Na ramli ndo kabisa msiguse, ramli chonganishi itakutajia jirani yako mtagombana mpaka kaburini.

Sasa jambo la kwanza kabla hujaongea na yeyote, jua kinachoibwa kinaenda wapi. Hilo ndo kila kitu.

Yule wa kwanza kwangu alikuwa anaiba chakula. Sukari inaisha, mkate unaisha, nikawa nawashuku wanangu. Siku moja nikatoa magodoro juani maana kunguni walikuwa wametuandama, nikainua la kwake: vipande vya boflo vimekauka, sukari imefungwa kwenye karatasi za daftari vifurushi vifurushi, vipande vya sabuni ya mche vimekatwa vizuri kwa uzi, chapati mbili ambazo sisimizi walishazimaliza zimebaki vumbi. Hakuuza hata kimoja. Hata kula alikuwa hali! Anaweka tu. Kule alikokulia ukichelewa mezani umelala njaa, na sabuni ukiiacha bafuni si yako tena, kwahiyo mwili ulishazoea kuweka akiba hata pasipo na njaa.

Huyo hahitaji kikao. Nilinunua ndoo yenye kifuniko nikamwambia hii ni yako, kila Jumapili nitatia mkate na sukari na sabuni, hakuna mtu atafungua, ukimaliza Jumanne ni juu yako. Wanangu niliwakataza hata kuigusa. Ilichukua muda lakini vitu vya jikoni viliacha kupotea, na mwisho ile ndoo akawa anafulia. Kama kwako ilikuwa sukari tu ningekwambia fanya hivyo ukalale.

Lakini kwako kuna hela, na hela ni habari nyingine.

Wa pili alichukua hela yangu kwenye kopo la majani ya chai, afu akachukua simu ya mpangaji wetu, mama mmoja fundi cherehani. Wote tulidhani ni mkeka wa kubashiri mechi maana vijana wa sa hivi kubeti kumewamaliza. Haikuwa mkeka. Ni wenzake. Kuna vijana aliokulia nao makao, walitoka kabla yake, hawana pa kulala, wanazunguka stendi na sokoni, na hao ndo ndugu zake wa pekee duniani, wanampigia kila siku wewe umepata mama na kitanda sisi unatuachaje. Anatuma. Hana, anatafuta. Sikusema ni sawa, wizi ni wizi na ilibidi alipe, ila ungemfungia makabati yote ya dunia nzima na zile simu zingeendelea kuingia. Kwahiyo dada angalia, huyo wako anaongea na nani kwenye simu, na huko anakochelewa ni kwa nani. Inaweza kuwa mkeka kweli, inaweza kuwa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, inaweza kuwa ndugu kama hao. Kila moja ina dawa yake.

Namna ya kumkabili. Usimuulize "umechukua wewe?" wakati unajua. Hawa watoto wameulizwa hilo swali maisha yao yote, wangu aliniambia kwao kitu kikipotea bweni zima linanyimwa chai mpaka mtu aseme, sasa unafikiri alijifunza kusema ukweli au alijifunza kukaza uso? Mi nilimwambia hivi: hela iliyokuwa kwenye kopo umechukua wewe, na simu ya mama fulani ipo kwa fundi simu mjini, sikuulizi kama ni kweli, nakuuliza hela imeenda wapi na tunairudisha vipi. Akanyamaza muda mrefuuu, mi nikaendelea kuchambua mchele. Usimtazame machoni, mpe kitu cha kufanya mikono, mchele, nazi, chochote. Ndo akaanza kutaja majina ya wale wenzake.

Lakini hiyo ni kama una uhakika. Kama huna, kama droo haina kufuli na wajomba na watoto wa jirani wote wanaingia chumbani, basi usimtaje, sema mbele ya nyumba nzima kwamba hela imepotea na kuanzia leo kila kitu kinafungwa, basi. Na kufungia siyo tusi. Nyie wanakikoba mnajua, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti, na hakuna aliyewahi kununa kwamba ameitwa mwizi. Hivi hela ya kikundi inakaaje kwenye droo bana?

La muhimu kuliko yote niliyosema: neno MWIZI lisitoke nje ya mlango wako. Mnajua hali ilivyo, mtu akipigiwa kelele za mwizi mtaani watu hawaulizi kaiba nini, mawe yanakuja, tairi linakuja, na huyo hana mjomba wa kutoka mbio kumkingia. Mumeo akiwa na hasira amalizie chumbani.

Polisi. Watu wameandika "kachukue RB", yaani ile namba ya kuripoti polisi, kama vile ni kwenda kununua vitumbua. Elewa kwanza: Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni chini ya miaka 18, wako ana 19, huyo ni mtu mzima anaingia mahabusu na watu wazima. Na kesi ya jinai ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, siyo yako, huwezi kwenda kesho yake kusema nimemsamehe jamani ikaisha hapo hapo. Kama umejipima ukaona sawa, nenda, ni haki yako. Kwa yule wangu mwenye uamuzi alikuwa mpangaji maana simu ni yake, siwezi kusamehe kwa niaba ya mtu. Tulikaa kwa mwenyekiti wa mtaa, yeye, kijana, mlezi kutoka makao na mimi, ikaandikwa karatasi wote tukasaini. Mpangaji alikuwa bado na boksi la simu lenye IMEI, ile namba ya kuitambua simu, tukaenda nalo kwa yule fundi na mjumbe, na fundi anajua kununua mali ya wizi nako ni kosa, simu ikarudi bila maneno mengi. Wekeni maboksi ya simu nyie, au bonyezeni *#06# muandike hizo namba mahali.

Kulipa. Alipe, hata kama ni kidogo, hata kama wewe unayo. Wangu alikuwa anapakia machungwa msimu wa Muheza, tukakubaliana buku tano kila wiki, daftari analo yeye anaandika mwenyewe. Nawaona watu wanakata mshahara wote wa kijana mpaka deni liishe, sasa huyo ataishi kwa nini? Ataiba ili akulipe. Muachie ya nauli na ya vocha. Niseme ukweli, simu ya mpangaji ilirudi, ila deni langu hakulimaliza, sa hivi yuko Muheza huko huko, nikimpigia anapokea vizuri tu, shikamoo mama, hela hatumi.

Kitu kingine ambacho hukukitaja na kinanitia wasiwasi, hivi ana NIDA, yaani kitambulisho cha taifa? Wengi wanatoka makao hawana cheti cha kuzaliwa, na fomu za NIDA zinataka habari za wazazi, anazungushwa mwaka mzima. Bila NIDA hasajili laini, bila laini hana pa kuweka hela zaidi ya mfukoni na chini ya godoro, na hapo wenzake wanaikuta. Usije ukamsajilia laini kwa kidole chako! Siku laini hiyo ikitumika kwenye utapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" watakayemfuata ni wewe. Kama mlishafanya, piga *106# leo uone laini ngapi zipo kwa jina lako. Badala yake mwende naye kwa mtendaji, na mlezi wa makao akaandike barua, na afisa ustawi wa jamii pia, watakwambia kashavuka miaka 18 si wetu tena, kaa hapo hapo kwenye benchi, faili lake wanalo.

Kuna wakati lazima aondoke, sikatai. Akiingiza watu ndani usiku, akimtishia mtu, au mkishakubaliana na kuandikishana akarudia kuiba kwa wapangaji, hapo ni basi. Lakini anaondoka mchana, mizigo yake yote kabeba, mlezi kaarifiwa, na anajulikana anaenda wapi. Kumtoa saa nne usiku na mfuko wa rambo kunamfikisha moja kwa moja kwa wale wale waliokuwa wanamvuta, na nyumba yako anaijua mlango unavyofunguka.

Sasa kwako wewe leo. Hiyo elfu sitini irudishe kwenye kikoba kutoka mfukoni mwenu kabla ya siku ya kukutana, wanakikundi wakijua leo kesho Bagamoyo nzima inajua. Mpigie mlezi wa makao. Kijana muachie chakula chake kimefunikwa hata akirudi usiku, na usimsemeshe usiku huo, mtu mwenye usingizi na hofu hawezi kukwambia kitu cha maana. Kikao kiwe Jumamosi mchana, mumeo awepo, mama mkwe asiwepo.