Diski iliyofomatiwa kimakosa: ichomoe kwanza

Pole sana, dada. Umesema ulitaka kufomati flashi, ukachagua diski ya nje ya TB 1, na humo ndimo mlimohifadhi sauti za marehemu baba yenu akisimulia habari za ukoo. Watu watatu wameshakushauri upakue programu uanze kutafuta usiku huu huu. Nakuomba usithubutu. Ichomoe diski sasa hivi, iweke kabatini, kisha usome haya.

Mimi hupiga picha za harusi, hasa mitaa ya Umoja na Kayole, Nairobi. Mwaka 2018 nilikuwa naweka Windows upya, nikafomati diski ya pili iliyokuwa na harusi nne ambazo sijawakabidhi wenyewe. Mikono ilinitetemeka. Nikakimbilia mjini, na fundi wa kwanza niliyempata akaweka programu yake ndani ya diski ile ile, na picha alizookoa akazihifadhi humo humo. Kila picha iliyookolewa ilikuwa inakanyaga nyingine ambayo bado haijafikiwa. Nilimsimamisha nikiwa nimechelewa. Harusi moja ilipotea karibu yote, ikabidi niende mwenyewe Dandora kuwaambia wenye harusi. Mama wa bwana harusi aliniuliza kama hata ile ya nyanya akicheza haipo. Haikuwepo.

Kufomati kwa haraka hakufuti faili zenyewe. Fikiria ploti ya kupangisha: daftari la wapangaji limechanwa, lakini wapangaji bado wamo vyumbani. Watafurushwa tu wengine wakiletwa. Kila unachoandika kwenye diski ni mpangaji mpya, na si wewe unayemchagulia chumba.

Kwa hiyo kumbuka vizuri: ilichukua sekunde chache au saa nyingi? Kama ni sekunde, kuna matumaini makubwa. Tangu Windows Vista, kufomati kamili huandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna programu itakayokufaa. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, nayo ni shida, kwa sababu amri ya TRIM huiambia isafishe nafasi zilizoachwa. Umesema yako unaisikia ikizunguka, afadhali. Lakini ikianza kugonga-gonga, usiiwashe tena wala usimruhusu mtu aifungue mezani. Hiyo ni kazi ya maabara.

Harusi tatu zilizobaki niliziokoa kwa njia hii. Nilinunua diski tupu iliyo kubwa kuliko ile yenye tatizo (wewe tafuta ya TB 2), nikawasha kompyuta kwa mfumo wa Linux kutoka kwenye flashi badala ya Windows, nikatumia programu ya ddrescue kunakili diski nzima, kipande kwa kipande, kuwa faili moja. Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa ukubwa ipi ni ipi, maana ukizigeuza utamaliza kila kitu. Diski yangu ilikuwa ya GB 500, na kwa USB 2.0 ilichukua zaidi ya saa 4. Stima ilipotea katikati. Sikuanza upya, kwa kuwa ddrescue huweka faili ya kumbukumbu ukiitajia jina lake kwenye amri. Ukiiendesha tena na faili hiyo, inaendelea ilipoishia.

Kisha diski ya asili nikairudisha kabatini, na kazi yote nikaifanyia kwenye nakala. Nilitumia PhotoRec, programu ya bure ya kuokoa faili. Haisomi daftari la wapangaji hata kidogo. Inagonga kila mlango ikitafuta alama ambazo faili huanza nazo. Kwa hiyo majina na folda hupotea. Utapata maelfu ya faili zenye majina kama f0381152.jpg. Ya kwanza niliyoifungua ilikuwa kiatu cheupe cha bibi harusi kwenye zulia, nusu ya chini kijivu kitupu. Ya pili ilikuwa nzima. Nililia.

Kwako usitafute kila kitu. Kama mlirekodi kwa simu, chagua aina za faili za sauti peke yake. Zikitoka, zipange kwa ukubwa. Simulizi ya nusu saa haiwezi kuwa ndogo kama mlio wa simu. Sikilizeni pamoja na mama, yeye ndiye atakayejua ipi ni ya lini.

Usimpe fundi pesa kabla hajakuambia kwamba atanakili kwanza. Na kama huna diski ya TB 2, niandikie. Ninayo moja tupu, na Jumamosi nitakuwa mjini.