Barua kwa mwanangu: Imepita majaribio, ya nini tena kuithibitisha?

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unasema wenzako kazini wanakuona unapoteza muda: programu imepita majaribio yote, sasa hizo hoja za kihesabu unazoandika pembeni ni za nini? Nawe unaniuliza mimi, niliyeanza kazi hii kabla hujazaliwa, kama kuthibitisha programu kuna maana yoyote au ni mambo ya maprofesa.

Maana ipo. Ngoja nikuonyeshe iko wapi, kwa sababu wengi huitafuta mahali pasipo.

Majaribio siyadharau, yameniokoa mara nyingi. Lakini chukua kipande kidogo cha programu kinachopokea namba mbili, kila moja ya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1. Ukitaka kuzijaribu jozi zote, hata kwa kasi ya jozi bilioni moja kwa sekunde, utahitaji miaka 585 hivi. Kwa hiyo tunachagua chache na kutumaini kwamba zilizobaki zitafuata. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alilisema hili waziwazi: majaribio yanaweza kuonyesha kuwa hitilafu ipo, hayawezi kuonyesha kuwa haipo. Robert Floyd mwaka 1967, kisha Tony Hoare mwaka 1969, walifungua njia nyingine. Andika lililo kweli kabla ya hatua fulani ya programu, andika litakalokuwa kweli baada yake, kisha toa hoja kwamba la kwanza likiwepo na hatua ikamalizika, la pili halina budi kuwepo. Hoja moja inazibeba jozi zote kwa mkupuo.

Sasa sikiliza kisa cha utafutaji wa kugawa nusu. Unaujua: orodha imepangwa, unaangalia katikati, unachokitafuta kikiwa kikubwa zaidi unaitupa nusu ya chini, unaendelea hivyo hadi ukipate au orodha iishe. Ni mistari michache tu. Jon Bentley aliuthibitisha katika kitabu chake cha mwaka 1986, na akaujaribu pia. Joshua Bloch aliandika wa kwake katika maktaba ya lugha ya programu iitwayo Java. Mwaka 2006 Bloch mwenyewe alijitokeza kueleza kwamba zote mbili zilikuwa na hitilafu ileile, na kwamba ile ya Java ilikuwa imejificha humo kwa miaka tisa hivi. Ilijificha wapi? Kwenye kutafuta katikati: jumlisha mpaka wa chini na mpaka wa juu, gawa kwa mbili. Nani angepashuku hapo? Lakini namba kamili ya biti 32, ikiruhusu hasi na chanya, inaishia 2,147,483,647. Orodha ikizidi vitu bilioni moja na kidogo, jumla inaweza kuvuka kikomo hicho, mashine inaigeuza kuwa hasi, na programu inakwenda kutafuta mahali pasipokuwepo. Tiba yake ni kutoa mpaka wa chini kwenye wa juu, kugawa tofauti kwa mbili, ndipo uiongeze kwenye mpaka wa chini.

Wenzako watakurukia: umeona, uthibitisho ulikuwepo na bado ikaharibika! Usibishane nao haraka. Hoja ya Bentley ilisimama vizuri kwa namba za hesabu, ambazo hazina mwisho. Namba za mashine zina mwisho, na hakuna aliyeandika kwamba jumla ile haitaufikia. Ukimpa mkaguzi wa kisasa, yaani programu inayokagua hoja na inayozijua namba za mashine, atagoma palepale kwenye alama ya kujumlisha na kukudai sababu. Hapo ndipo ninapoiona faida, mwanangu: kuthibitisha kunakulazimisha uandike jambo ambalo ulikuwa unalichukulia hivihivi kuwa kweli.

Roketi ya Ariane 5 ilianguka kwa jambo la namna hiyo, tarehe 4 Juni 1996. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, na ndani yake namba ya biti 64 ilibanwa iingie kwenye biti 16. Katika mwendo wa Ariane 4 namba hiyo ilitosha. Roketi mpya ilikuwa na mwendo mwingine, namba ikafurika, na haikumaliza hata dakika moja angani. Kinachoniuma zaidi ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuruka.

Linganisha na walioandika seL4, kiini cha mfumo endeshi, ambao walikamilisha uthibitisho wao mwaka 2009. Mistari ya lugha ya C ilikuwa kama 8,700. Uthibitisho ulikwenda hadi mistari 200,000, yote ikikaguliwa na mashine. Nawaheshimu kwa kazi hiyo, lakini nawaheshimu zaidi kwa kuwa waliorodhesha hadharani mambo waliyoyaamini bila kuyathibitisha: kwamba kompaila, yaani programu inayotafsiri C kuwa lugha ya mashine, haikosei, kwamba maunzi, yaani vifaa vyenyewe vya kompyuta, yanafanya kama yalivyoelezwa. Anayetumia kazi yao anajua ardhi imara inaishia wapi.

Wenzako wana hoja moja nzito, nisiifiche. Mwaka 1979 De Millo, Lipton na Perlis waliandika kwamba uthibitisho wa kihesabu huaminika kwa sababu watu huusoma, huujadili na kuufundisha, ilhali uthibitisho wa programu ni mrefu, unachosha, na hakuna atakayeusoma. Mashine imebeba sehemu ya mzigo huo siku hizi. Hata hivyo mashine hukagua kwamba programu inatimiza maelezo uliyoyaandika. Kama maelezo yenyewe si yale watu waliyoyataka, haitakuambia. Hayo yanataka macho ya watu. Kwa hiyo usiandike hoja zako pembeni peke yako. Ziweke mezani, na yule anayekukejeli awe wa kwanza kuzisoma.

Wala usithibitishe kila kitu. Niliwahi kufanya kazi kwenye mfumo uliowapa watu wawili nafasi moja, kwa kuwa maombi yao yalifika kwa wakati mmoja na kila moja likaiona nafasi iko wazi. Majaribio yetu hayakulinasa hata mara moja. Wahandisi wa Amazon walipoandika modeli ya DynamoDB, hifadhidata yao, kwa lugha ya kuelezea mifumo iliyobuniwa na Leslie Lamport, TLA+, mkaguzi aliwatolea hitilafu ambayo njia fupi kuliko zote ya kuifikia ilikuwa na hatua 35. Hatua 35! Mahali kama hapo, ambapo mambo mengi hutendeka kwa pamoja, ndipo uanze.

Nimekiangalia pia kile kipande ulichonitumia. Juu yake umeandika kwamba orodha inayoingia imepangwa. Haijaandikwa ni nani anayeipanga, wala kama kuna anayeweza kuibadilisha wakati wewe unaisoma. Ongeza sentensi hizo mbili, mwonyeshe mwenzako mmoja, kisha uniandikie alivyokujibu.

Mama yako