Alhamisi za eda yangu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema mwenzako wa kazini hapo Dodoma kafiwa na mumewe, mlikwenda msibani, mkatoa rambirambi, na wakati wa kuaga ukamwambia, "Ukihitaji kitu niambie." Wiki tatu sasa hajasema neno, nawe unaniuliza umfanyie nini bila kumsumbua.

Hatasema, mwanangu. Mimi sikusema.

Baba yako alipofariki mwaka 2009 ulikuwa darasa la tano. Siku za matanga nyumba ilijaa mpaka uani. Baada ya hitima turubai likashushwa, viti vikahesabiwa vikarudishwa, nikabaki na nyinyi watatu na eda ya miezi minne na siku kumi. Walioniambia "tuko pamoja" walikuwa wengi, na naamini walisema kweli. Kila mmoja alingoja nimwite. Lakini mfiwa hata hajui anahitaji nini, sembuse kuchagua wa kumwomba! Na kuomba kuna haya yake.

Ndipo yule mama wa nyumba ya tatu, ambaye wala hatukuwa na mazoea naye, akaanza kuja kila Alhamisi baada ya alasiri. Hakuniuliza nahitaji nini. Aliuliza, "Kesho naenda sokoni, nikuletee vibua au changu?" Hilo niliweza kulijibu. Samaki walikuja wameshaparwa, wametiwa chumvi na ndimu, maana wazima ningewatazama tu mpaka waharibike. Siku nyingine alikaa nami mkekani tukachambua mchele, kimya, kisha akaaga. Mpaka natoka eda hakukosa Alhamisi hata moja. Mimi nilianza kuingojea tangu Jumanne.

Jaafar bin Abi Talib alipouawa vitani Muta, Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wawapikie jamaa zake chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Hakuwaambia wangoje kuombwa.

Umesema watoto wa mwenzako wanasoma shule iliyo njiani kwako. Basi mpigie leo umwambie, "Kuanzia Jumatatu nitawapitia watoto saa kumi na mbili na nusu." Usitie "ukitaka". Akikataa usimlazimishe, muombe namba ya mita, umwekee LUKU kidogo kila mwisho wa mwezi. Ila shika lile utakaloliweza mpaka atoke eda. Ukianza kwa kishindo ukaacha wiki ya pili, utakuwa umemwongezea upweke.

Na mumewe umtaje kwa jina. Mbele yangu watu walilikwepa jina la baba yako, wakidhani wananihurumia, na mimi nikahisi kama wamemzika mara ya pili. Yule mama alikuwa akifunua kawa anasema, "Changu huyu mzee angempenda." Nilikuwa nalia palepale, tena kwa sauti. Kisha nikanawa mikono nikala. Ndizo siku nilizokula nikashiba.

Nimemsimulia habari za mwenzako. Siku hizi macho yake yamepungua nuru, Alhamisi mimi ndiye ninayekwenda kwake. Kakusalimu sana, na kauliza hao watoto wana umri gani.

Nijulishe kama wamekubali kupanda gari lako.

Mama yako,
Tanga