Nampelekea mwanangu chakula kwa siri ya baba yake. Je, natenda dhambi?

Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mke wa mchungaji, tunakaa Mwanga hapa Kigoma. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka 17, amemaliza kidato cha nne. Tangu amalize shule hataki kanisa. Alianza kwa kuchelewa, akaacha kwaya, mwisho akasema wazi haendi. Wazee wa kanisa walimwita baba yake wakamsomea 1 Timotheo 3, kwamba asiyejua kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa. Alirudi amefura. Akamchapa kijana mkanda mbele ya wazee wawili waliomsindikiza, akamwambia, "Mimi na nyumba yangu tutamtumikia Bwana. Asiyetaka aondoke." Kijana akaondoka. Hii ni wiki ya tano analala Kibirizi kwa wavuvi, na usiku anaingia nao ziwani. Mume wangu hataki jina lake litajwe mezani. Mimi nampelekea chakula, naaga kwamba naenda sokoni. Je, natenda dhambi kumficha mume wangu? Na nifanyeje mwanangu arudi?
Mama Kijana, Mwanga

Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma jioni, nikaisoma tena alfajiri kabla ya sala.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Kumlisha mtoto uliyemzaa si dhambi, na hakuna mume, mchungaji wala mzee wa kanisa mwenye mamlaka ya kukuzuia. Hata mbele ya serikali huyo ni mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu hivyo kila aliye chini ya miaka 18, inamdai mzazi chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku. Kwa hiyo usipime tena kama umpelekee au usimpelekee. Mpelekee.

Kinachokula moyo wako ni kule kuficha, na hapo niseme ninavyoona. Kibirizi naifahamu. Mke wa mchungaji akishuka mchangani na hotipoti chini ya kitenge, akina mama wanaoanika dagaa wanamwona, wapakizi wa mizigo wanamwona, na wengi wao Jumapili wako kwenye ibada yenu. Mume wako ameshasikia. Wiki tano unasonga ugali mkubwa kuliko idadi ya wanaokula, naye hajauliza unakwenda wapi. Mimi nadhani anajua kijana wake anakula, na moyoni anashukuru, ila hajui aanzie wapi kulisema baada ya maneno aliyoyatamka mbele ya watu.

Basi mwambie leo. Subiri wageni waondoke na simu ipoe. Usianze na wazee wala mkanda. Sema tu, "Baba, nimekuwa nikimpelekea mtoto chakula, na sitaki kuendelea kukuficha." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke, usijibu usiku huo.

Sasa kuhusu kijana. Watu wengi wakisoma barua kama yako wanakimbilia yule mwana mpotevu wa Luka 15, aliyechukua urithi akaenda kuutapanya. Mimi simwoni mwanao pale. Mtoto wa mchungaji haombi urithi. Anakua akipanga viti kabla ya ibada, anafagia kanisa, anaimba kwaya, anatumwa kwa mgonjwa na bahasha, na akicheka kwa sauti barabarani anaambiwa, "Wewe, mtoto wa mchungaji!" Huyo ni mwana mwingine katika hadithi ile, yule mkubwa aliyebaki nyumbani akitumika miaka yote, mpaka siku moja akasimama nje na kukataa kuingia. Sikiliza alivyomwambia baba yake: "Hujanipa mimi mwana-mbuzi, nifanye furaha na rafiki zangu." Na baba alifanya nini? Maandiko yanasema alitoka nje, akamsihi. Mzee mwenye mali na watumishi, karamu imejaa wageni ndani, anaiacha ngoma anatoka uani kumbembeleza kijana aliyenuna. Hakutuma mtu.

Nitakuambia kwa nini mstari huo wa mwana-mbuzi unanichoma. Nimehudumu miaka mingi katika vijiji vya ufukweni, nyumba ya kanisa yenye sebule moja. Ilipopatikana samaki ya kuhe, mgongo ulikuwa wa mgeni, na mgeni hakukosekana. Wanangu walikula jikoni, kichwa na mkia, na mchuzi wa mawese. Nilijiona mkarimu. Binti yangu alipokuwa mtu mzima, ameajiriwa Tabora, alinikaribisha kwake akanipakulia. Akaniambia bila hasira, "Baba, kipande hiki cha mgongo mimi nilikionja mara ya kwanza kwa mshahara wangu." Nilishindwa kumeza. Kisha akaniambia jingine, kwamba utotoni alijua hodi ikipigwa mlangoni swali lake limeishia hapo, hata awe katikati ya kuuliza. Nimehubiri juu ya ukarimu mara nyingi sana, na siku ile nilijua kwamba ukarimu wangu walikuwa wanaulipia watoto.

Nilimwomba radhi pale pale, mezani kwake. Nilikuwa na mvi tayari. Kwetu sisi baba kumwambia mwanawe "nilikosea" ni jambo zito, tunaogopa heshima itaanguka. Haikuanguka. Tangu siku hiyo binti yangu hunipigia simu bila kuwa na shida yoyote, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Kwa hiyo mume wako ana deni moja, na ni la mkanda ule. Angekuwa amemwadhibu chumbani lingekuwa jambo jingine, japo kijana wa miaka 17 hachapwi akapenda ibada. Lakini alimchapa wazee wakitazama, na kijana aliona kabisa kwamba fimbo ile ilikuwa ya kuwaridhisha wao. Baba amwambie hivyo kwa kinywa chake: "Mwanangu, siku ile nilikosea." Asiongeze "lakini".

Kuhusu wazee, sitarefusha. Mstari waliousoma ni wa kweli na mimi nauheshimu, ila kusimamia nyumba hakujawahi kuwa na maana ya kumtoa mtu ndani yake. Wakitaka kuendelea na Biblia, wasome 1 Samweli 8, inaposemwa wazi kwamba wana wa Samweli hawakuenda katika njia zake. Samweli hakuvuliwa unabii kwa ajili hiyo, na ni baada ya hapo alipompaka mafuta Daudi. Na ule mstari wa Yoshua ambao mume wako aliutumia kumtoa kijana, ukurasa huo huo Yoshua anawaambia watu, "Chagueni." Mume wako awaombe wazee wampe nafasi ya kuwa baba kwanza. Wakimnyima, bora aache madhabahu kwa miezi michache kuliko kumpoteza mtoto.

Sasa safari yenyewe. Kwa kuwa kijana anavua usiku, nendeni katika siku za giza, si za mbalamwezi, maana mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi hawaingii ziwani. Fikeni alfajiri, mitumbwi ikirudi. Mtamwona akishuka ameloa, macho mekundu, mikono ina magamba. Mume wako asivae kola. Asiende na mzee wa kanisa, na asishike Biblia, kwa sababu kijana akiiona atajua ameletewa mahubiri. Pelekeni chai ya chupa, mihogo ya kuchemsha, chochote cha moto.

Mume wako anaijua Yohana 21 kuliko mimi na wewe. Wanafunzi wamekesha ziwani, hawakupata kitu. Bwana amesimama ufukweni, na neno lake la kwanza ni, "Wanangu, mna kitoweo?" Ameshawasha makaa, ana samaki na mkate. Anawaambia, "Njoni mfungue kinywa." Petro yuko pale, aliyemkana mara tatu, na hakuulizwa neno juu ya hilo mpaka walipokwisha kula. Baba wa kijana afuate utaratibu huo huo. Aulize usiku ulikuwaje, wamepata nini, upepo ulikuwaje. Aketi mchangani ale nao, pamoja na wale vijana wengine.

Ombi liwe moja tu: arudi kulala nyumbani. Kanisa lisiwe sharti la kurudi, wala msimpangie tarehe ya kurudi ibadani. Hilo liachieni Mungu, maana ndiye aliyempenda kabla yenu. Habari za kurudia mtihani au kujiunga na chuo cha ufundi cha VETA pale Kigoma zitazungumzwa baadaye, akiwa ameshalala kitandani kwake siku kadhaa.

Huenda asirudi siku ya kwanza. Nendeni tena wiki ijayo. Na ikiwa mume wako atakataa kabisa kwenda, usimshtaki kanisani. Mtafute mtu mmoja anayemsikiliza, baba yake mdogo au yule mchungaji aliyemlea katika huduma, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Wakati huo wewe endelea kupeleka chakula, mchana, bila kukificha chini ya kitenge.

Lakini akikubali, nenda naye. Na mtakapoteremka pale mchangani, hotipoti aishike yeye.