"Ufundishaji wa miradi" au "kujifunza kwa miradi"?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ninaandika barua ya kuwaeleza wazazi manufaa ya njia ambayo watoto wao hujifunza masomo kwa kutekeleza kazi halisi, kama vile kutunza bustani. Niandike "ufundishaji wa miradi" au "kujifunza kwa miradi"? Nachelea pia neno "mradi" lenyewe, kwani wengi wakilisikia hufikiria kuku wa mayai na fedha.

Jibu: Andika "kujifunza kwa miradi". Ukisema "ufundishaji wa miradi", a-unganifu "wa" huufanya mradi uwe ndio somo, kama katika "ufundishaji wa hisabati", ilhali "kwa" huonyesha nyenzo, kama katika "kulima kwa jembe". Kinachofundishwa hapa ni hisabati au sayansi. Mradi ndio jembe lake. (Nchini Tanzania husikika pia "kazi mradi", lakini hilo ni jina la kazi anayopewa mwanafunzi, si la njia ya kujifunza.)

Kitenzi nacho kina uzito wake. Kiambishi "ji" katika "kujifunza" humrudishia mtenda tendo lake, na manufaa unayotaka kuyaeleza yamo humo. Wanafunzi waliokabidhiwa matuta ya mchicha hupima urefu na upana ili wapate eneo, hukadiria mbegu, huandika tarehe ya kupanda, na tuta moja likinyauka hubishana juu ya sababu, wakachunguza udongo na maji mpaka wapate jibu wanaloweza kulitetea mbele ya wenzao. Mwalimu yupo, anauliza na kusahihisha, ila hafikiri kwa niaba yao.

Neno "mradi" usiliogope. Limetokana na Kiarabu "murad", yaani linalokusudiwa. "M" yake ilikuwa sehemu ya neno, Kiswahili kikaifanya kiambishi cha ngeli, tukapata "miradi". Hata hivyo wazazi wana sababu ya kufikiria fedha, kwa kuwa tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, iliyounganisha masomo na kazi za uzalishaji, shule nyingi za Tanzania zimekuwa na mashamba na mifugo, na mahali ambapo mavuno yalitangulizwa, watoto walilima bila kujifunza. Kwa hiyo taja kusudi la somo kabla ya bustani: "Wanafunzi wa darasa la tano watajifunza kukokotoa eneo kwa mradi wa bustani ya mchicha."