Kabla ya kuiachia kompyuta kazi ya kufuatilia tovuti, ifundishe cha kupuuza

Kuna kipindi nilikuwa nafungua ukurasa uleule wa matangazo hata mara kumi kwa siku, nikisubiri majina ya waliokubaliwa masomo. Rafiki akaniona akacheka: "Hiyo kazi ya mashine, wewe unaifanya ya nini?" Ndipo nikaijua urlwatch.

Ni programu ya bure inayoendeshwa kwa amri kwenye terminali, ile skrini ya kuandika amri, bila dirisha wala vitufe. Unaandika `urlwatch --edit`, faili la orodha linafunguka, unaweka anwani unazotaka kufuatilia. Baada ya hapo amri ni `urlwatch` basi. Mara ya kwanza inahifadhi nakala ya ukurasa. Kuanzia ya pili inalinganisha na kukuonyesha mistari iliyoondolewa kwa alama ya kutoa na iliyoongezwa kwa alama ya kujumlisha. Pasipo na badiliko, inanyamaza.

Mimi niliweka ukurasa mzima, nikapanga matokeo yaje kwa barua pepe kila nusu saa, nikajiona fundi. Kumbe chini ya ukurasa ule kulikuwa na tarehe na hesabu ya wageni. Kila nusu saa, barua. Wiki ya pili nikawa nazifuta bila kuzisoma, na tangazo lenyewe likapita humohumo. Nilikuja kuliona siku mbili baada ya muda wa kuthibitisha kwisha.

Kwa hiyo anza na kichujio, ratiba baadaye. Kwenye kivinjari, bonyeza kulia juu ya sehemu unayoitaka, ikague, uone jina lake (id) kwenye HTML, yaani lugha iliyoandikia ukurasa. Kisha andika hivi kwenye faili la orodha:

```
name: Matangazo
url: https://example.org/matangazo
filter:
  - css: "#matangazo"
  - html2text
```

Kichujio cha kwanza kinakata kipande hicho tu, cha pili kinabakiza maandishi matupu. Jaribu kwa `urlwatch --test-filter 1` (1 ni namba ya kazi hiyo kwenye orodha), na usiendelee mpaka kinachotoka ndicho unachokitaka.

Kikitoka kitupu, huenda ukurasa unajengwa na JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, baada ya kufunguka, na urlwatch imepokea ganda tu. Unaweza kuandika `navigate` badala ya `url` ili itumie kivinjari kamili, ila ni mzigo. Mimi kwanza huchungulia mawasiliano ya mtandao kwenye kivinjari. Mara nyingi data inatoka kwenye anwani nyingine kwa muundo wa JSON (maandishi ya data yaliyopangwa kwa ajili ya programu), na kufuatilia hiyo ni rahisi zaidi.

Ratiba ni kazi ya cron, programu ya Linux na mifumo kama hiyo inayoendesha amri kwa saa ulizopanga. `0 */2 * * *` ni kila baada ya saa mbili, na kwa matangazo inatosha kabisa. Kugonga seva ya watu kila dakika ni utovu wa adabu, na unaweza kufungiwa. Kwenye cron andika njia kamili ya programu, yaani folda zote mpaka ilipo, maana cron haina mipangilio yote uliyonayo kwenye terminali yako. Mimi ilinilia jioni nzima.

Shida iliyobaki ni ukimya: hakuna jipya, au programu imekufa? Ile tarehe ya chini ya ukurasa iliyonitesa nimeipa kazi yake peke yake kwenye orodha. Inabadilika kila siku, na asubuhi barua yake isipofika, naenda kuiamsha cron.