Nyama ya mnofu mtupu huchomwaje bila kukakamaa?

SWALI: Huwa ninachoma nyama ya paja la ng'ombe, ule mnofu usio na mafuta. Ninailaza usiku kucha katika maji ya ndimu, kisha ninaichoma taratibu kwa moto mdogo hadi iive kabisa, nikiamini kwamba ikikaa sana motoni italainika. Inatoka kavu na ngumu. Ninakosea wapi?

JIBU: Ugumu wa nyama una vyanzo viwili, na dawa ya kimoja huwa sumu kwa kingine. Kolajeni, yaani utando unaozifunga nyuzi za msuli, huyeyuka na kuwa laini ikikaa saa kadhaa katika joto la 70°C na zaidi. Ndiyo maana muundi huchemshwa kwa muda mrefu. Nyuzi zenyewe, kinyume chake, hujikunja na kukamua maji yake joto la ndani linapopita takriban 65°C. Juu ya mkaa, mnofu usio na mafuta hupoteza maji yake mapema, muda mrefu kabla kolajeni haijalegea, kwa hiyo moto mdogo wa muda mrefu umekuwa ukiikausha tu.

Ichome upesi, juu ya mkaa uliokolea. Ipanguse ikauke kwanza, kwa sababu nyama yenye majimaji hutokota badala ya kubadilika rangi, na uigeuze mara kwa mara. Kipimajoto chenye sindano, kikichomekwa katikati ya pande, ni bora kuliko kukisia kwa kidole: wapishi wengi huiepua kwenye 55°C hivi, ikiwa bado nyekundu ndani, ingawa Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri kwa pande zima 63°C na mapumziko ya dakika 3. Ukiitoboatoboa kwa uma au sindano ili ilainike, usishuke chini ya kiwango hicho, kwani vijidudu vya juu huwa vimesukumwa ndani.

Ndimu ningeiacha. Asidi haizami zaidi ya milimita chache, na ikikaa usiku kucha hufanya sehemu ya juu iwe kama imepikwa tayari, kavu na yenye chengachenga. Chumvi peke yake, kijiko kidogo kwa nusu kilo, ikipakwa siku moja kabla na nyama ikawekwa kwenye friji bila kufunikwa, huisaidia kushika maji yake. Papai bichi hulainisha kweli, kwa kuwa kimeng'enya chake hukata protini, lakini nusu saa inatosha. Likizidi, juu panakuwa rojorojo na katikati pamebaki vilevile.

Kinachosahaulika zaidi ni kisu. Tazama mistari ya nyuzi nyama ikiwa bado mbichi, maana ikishaungua juu haionekani vizuri. Iache ipumzike dakika 5 hadi 10 baada ya kuepuliwa, kisha uikate vipande vyembamba vya nusu sentimita kwa kuikatisha mistari hiyo. Nyuzi fupi huachana zenyewe mdomoni, ilhali pande lilelile likikatwa kwa kufuata nyuzi hutafunwa bila kwisha.

Kama nyumbani kwako hakuna anayekula nyama yenye wekundu, ikate hivyo ikiwa mbichi, uitunge kwenye mishikaki, na uiepue mara tu wekundu unapotoweka.